Mahindi yaliyobunguliwa hayapati bei ya Januari

KILA mwaka, kati ya Juni na Agosti, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini huvuna mahindi kwa wakati mmoja. Malori ya wafanyabiashara hufika hadi vijijini, na bei huwa chini. Ifikapo Desemba na Januari, kwa kawaida bei hupanda. Wakulima wadogo wanalijua hilo, lakini wengi huuza mapema kwa sababu ya madeni ya pembejeo na kwa kumwogopa dumuzi.

Mdudu huyo, ambaye wengine humwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alianza kusumbua mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hofu hiyo ina msingi. Tuseme mkulima amehifadhi magunia 10, na dumuzi akala mawili. Ili magunia manane yaliyobaki yampatie fedha zile zile, lazima bei ipande kwa asilimia 25. Hapo hajahesabu gharama za dawa, wala punguzo analodai mnunuzi akiona vumbi na matundu.

Kazi ya kwanza ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Kuyapima, mkulima achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi hadi theluthi moja, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, afunge, atikise kwa dakika chache, kisha asubiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15. Kiwango cha soko la Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, hivyo ni vyema kuendelea kuanika.

Mahindi mabichi huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kazi ya pili ni kupukuchua, kwani dumuzi hustawi zaidi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Punje zichanganywe na dawa ya unga iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Njia nyingine isiyohitaji dawa ni mifuko isiyopitisha hewa: miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Hewa ikamuliwe, kila mfuko ufungwe peke yake, na wadudu watakufa kwa kukosa hewa. Mfuko ukitobolewa na panya, kinga imekwisha.

Mwenye deni anaweza kuuza sehemu ya mavuno na kulipa. Yanayobaki yawe yale tu anayoweza kuyakausha na kuyafunga vizuri. Magunia matano yaliyo salama hadi Januari yana faida kuliko kumi yanayoliwa huku mwenyewe akisubiri bei.