Kabla hujatoa doo kwa kamera ya babu, ipime hivi

Kijana mwenzangu, kamera za filamu zimerudi mjini na bei imeanza kupanda nazo. Chuma kilichokuwa kimelala kabatini kwa babu leo kimepanguswa vumbi, kimepigwa picha safi na kuwekwa mtandaoni kwa maneno mawili: "iko fiti". Hayo maneno mawili ndiyo yatakayokula hela yako. Tena muuzaji mara nyingi hata hadanganyi. Amebonyeza kitufe, kikalia klak, akaridhika. Lakini kamera kulia ni jambo moja, kupiga picha ni jingine.

Mimi hununua na kuuza hivi vitu tangu niachane na chuo nikiwa mwaka wa pili, na miezi mingine ndivyo vinavyolipa kodi ya keja. Kwa hivyo chukua vipimo ninavyofanya pale pale kibandani, kabla mkono haujaingia mfukoni. Beba simu yenye chaji na betri mpya. Basi.

Kwanza jua unashika nini. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni chuma tupu. Shata yake hufanya kazi bila betri. Kile kibetri cha duara ni cha kipimo cha mwanga tu. Canon AE-1, nayo ya 1976, ni kinyume kabisa: bila betri ya volti 6 haipigi hata picha moja. Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hiyo ni betri tu imeisha", wewe mjibu, "Sawa bosi, nimekuja na yangu, tuiweke." Utaona sura ikibadilika. Na ukisikia AE-1 ikikohoa kila ukipiga, jua sehemu zinazoinua kioo chake zimekauka mafuta. Inatibika, ila fundi atataka chake, kwa hivyo bei ishuke.

Halafu kuna Zenit-E ya Wasovieti, kutoka kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Hii haina betri popote. Kipimo chake cha mwanga hutumia seli ya seleniamu, na seli ikichoka kwa uzee hakuna betri ya kuifufua. Usilipie kipimo hicho hata shilingi. Kama imekuja na lenzi ya Helios-44-2, lipia lenzi.

Sasa shata. Fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya 1/30, elekeza lenzi kwenye mwanga, kisha irekodi kutoka nyuma na simu yako kwa ule mwendo wa polepole. Simu ikirekodi fremu 240 kwa sekunde, mwanga unapaswa kuonekana kwa takriban fremu 8. Ukihesabu 16, hiyo shata inaburura miguu na kila picha ya kasi hiyo itapata mwanga maradufu. Baadaye panda hadi kasi ya juu kabisa, elekeza angani (si kwa jua, tafadhali, macho hayana spea) na ubonyeze mara kadhaa. Uone mstatili mzima wa mwanga ukimweka. Upande mmoja ukibaki giza, irudishe mezani, hata kama bei ni ya kutupa.

Sponji nyeusi kwenye kingo za mlango ikiwa imegeuka kama lami, usitishike. Hizo zote huoza, na kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja. Itumie kupigia bei.

Kwa lenzi, tochi ya simu ndiyo daktari wako. Mulika kutoka nyuma, chungulia mbele. Vumbi dogo si kitu. Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele si mbaya sana. Wa kioo cha nyuma ndio huonekana pichani. Ukungu mweupe utafanya picha zako zipauke. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, inayopenda unyevu, hivyo lenzi iliyoishi Mombasa au Lamu ikague mara mbili. Kisha zungusha tundu kutoka f/2 hadi f/16 uangalie vile vibapa vya ndani: vikiwa na mafuta, vitasonga kwa uvivu.

Na hapa kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Lenzi ya skrubu ya M42, kama Helios, inakaa vizuri kwenye Canon DSLR kwa adapta ya bei nafuu. Kwenye Nikon DSLR itakataa kufokasi mbali, isipokuwa adapta iwe na kioo ndani. Lenzi za zamani za Canon FD nazo hukataa hivyo hivyo kwenye Canon DSLR, ingawa jina ni moja! Ukiwa na kamera ya kisasa isiyo na kioo cha kuinuka, karibu zote zitakukubali.

Nyumbani, bandika ukurasa wa gazeti ukutani (ndiyo, lile la karatasi), piga kwa f/2, f/4 na f/8, ulinganishe herufi za katikati na za pembeni. Helios ya 58mm pembeni kwa f/2 ni vurugu, nayo mandhari ya nyuma huzunguka kama kimbunga. Wengine huiita kasoro. Kwa picha za sura, mimi naitaka hiyo kasoro.

Maoni yangu? Kama mfuko wako ni kama wangu, anza na lenzi kuukuu juu ya kamera ya dijitali. Filamu ina picha 36, kisha utafute wa kuiosha, na hilo uliza kabla ya kununua kamera. Harusi ya mteja usiipige kwa kamera ambayo hujaosha filamu yake ya kwanza. Piga filamu nzima ya majaribio: juani, kwa ISO 200, f/16 na 1/250 zitakutosha bila kipimo. Ikishaoshwa, kagua kama nafasi kati ya picha ziko sawa na kama mwanga umepenya.

Jambo moja kabla hujafungua mgongo wowote. Zungusha kwa upole kile kirungu cha kurudishia filamu. Kikigoma, kuna filamu ndani, na ukifungua umeichoma. Mwambie mwenye kibanda, bonyeza kile kitufe cha chini, irudishe yote kwanza. Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyeuawa akiripoti vita vya Biafra mwaka 1968, kazi yake nyingi ilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye katika gereji jijini Nairobi. Hiyo iliyo mkononi mwako huenda ni krismasi ya familia ya mtu. Muulize muuzaji aliitoa kwa nani.