Aliye Hatarini Si Mtu Hatari

Katika kushughulikia istilahi za afya ya msingi jeshini, tumekutana na dhana ambayo, ikipewa jina baya, yaweza kumnyamazisha mgonjwa. Nayo ni ile kazi ya kuwauliza wote wanaofika kutibiwa, hata wasioonyesha dalili, ili kuwabaini walio katika hatari ya kujiua.

Tuchukue mfano wa bonde la Kilombero, ilipo kambi ya Chita ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tuseme kijana wa kambi afika kwa mganga akilalamikia maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Maswali atakayoulizwa tuyaiteje?

Wapo wapendekezao uchekechaji. Lakini mkulima wa mpunga wa Ifakara, apepetapo au achekechapo, hubakiza kilicho bora na kutupa makapi. Kijana atadhani anatafutiwa sababu ya kuondolewa kambini. Wengine husema uchunguzi. Neno hili limezoeleka hospitalini, ila ni la polisi pia. Na kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hufanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hofu ya mgonjwa si ya bure. Sisi twapendelea utambuzi wa mapema, kwani hutaja lengo lenyewe: kumtambua mtu ili asaidiwe kabla ya maafa.

Pili ni neno hatari. Askari hatari huogopwa. Askari aliye hatarini huhitaji kulindwa. Kosa dogo la sarufi katika cheti cha mgonjwa laweza kumgeuza mtuhumiwa.

Tatu ni maswali yenyewe. "Je, unawaza mambo mabaya?" halifai, maana nani asiyeyawaza? Dodoso mashuhuri la maswali tisa ya kupima sonona, lililochapishwa Marekani mwaka 2001, huunganisha katika swali la mwisho kuona heri kufa na kuwaza kujidhuru. Kipimo cha Columbia hutenganisha hatua: kutamani kufa, kuwaza kujiua, njia, nia na mpango. Kiswahili kina neno kwa kila hatua. Basi tusizifunike kwa tafsida, kwani utafiti umeonyesha kwamba kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo la kujiua. Bali humpa nafasi ya kusema.

Tunawaomba wasomaji, hasa waganga na wauguzi, watuletee maoni yao kuhusu mapendekezo haya.