Kigawa Sauti Ndani ya Sanduku la Spika

Wasikilizaji wetu, wako watu wengi wenye sanduku la spika la siku nyingi ambao, sauti yake ikififia, hudhani limekufa, wakalitupa. Mara nyingi spika zenyewe zi nzima. Kilichozeeka ni chombo kidogo kilichofichwa nyuma yake. Leo twataka kukieleza chombo hicho, na namna ya kukitengeneza.

Sikio la mwanadamu husikia mitetemo tangu 20 hata kadiri ya 20,000 kwa sekunde moja. Ni shida spika moja kuitoa yote sawasawa. Kwa hiyo masanduku mengi yana spika mbili: kubwa kwa sauti nene kama za ngoma, na ndogo kwa sauti nyembamba kama za filimbi. Kigawa sauti ni bawabu asimamaye penye njia panda. Koili ya waya hupitisha sauti nene na kuzuia nyembamba; kapasita hufanya kinyume chake; na rezista hupunguza nguvu ya umeme. Kwa mfano, spika ndogo ya omu 8 ikitiwa kapasita ya mikrofaradi 6.6, sauti zilizo chini ya mitetemo 3,000 huanza kupungua.

Koili na rezista hudumu sana, lakini kapasita yenye majimaji ndani hukauka kwa miaka. Hapo kipimo chake huhama, ukinzani wake huongezeka, na maneno ya msemaji hayasikiki waziwazi. Dawa yake ni kapasita ya utando wa plastiki, isiyo na majimaji.

Lakini yatupasa kuangalia mambo matatu. Kwanza, mikrofaradi ziwe zile zile zilizoandikwa juu ya ile ya kale, na volti zisipungue. Kapasita yenye alama za kujumlisha na kutoa haifai, maana umeme wa spika huenda na kurudi. Pili, tubadilishe katika masanduku yote mawili pamoja, ili ya kushoto na ya kulia yalingane. Tatu, sauti nyembamba zikizidi kuchoma sikio, tujue kwamba kapasita mpya ina ukinzani mdogo kuliko ile iliyokusudiwa. Rezista ndogo, kama ya nusu omu, ikifuatanishwa nayo huweza kurudisha mizani. Na koili ya waya mnene zaidi isitiwe ovyo, kwa kuwa ukinzani wa ile ya kwanza ulikwisha kuhesabiwa.

Katika miaka ya 1970 shirika la BBC la Uingereza lilibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa spika zilizotoka kiwandani hazikulingana tena na zile za kwanza, kigawa sauti kilibuniwa upya ili kipatane nazo, na ukinzani wa sanduku ukawa omu 11 badala ya 15. Hapa twaona kwamba kigawa sauti na spika ni mume na mke: mmoja akigeuka, mwenziwe hana budi kufuata.

Wazee husema rahisi huvunja upishi. Katika kazi hii hata ghali huuvunja, isipopimwa. Basi, kabla ya kununua, tupime. Na kabla ya kutupa, tuzime umeme, tufungue sanduku, tutazame ndani.