Mzee Aliyeingia Darasa la Kwanza

Wako wasemao, "Wakati wangu umekwisha kupita." Basi na wamtazame mzee Kimani Maruge wa Eldoret, katika nchi ya Kenya.

Mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Mlango ukafunguka, kupita ilikuwa kazi ya mtu mwenyewe. Januari 2004 Maruge, mwenye umri wa miaka 84, asiyejua kusoma, akaingia darasa la kwanza amevaa kaptura na soksi ndefu. Haya ya kuketi kati ya watoto si ndogo, wazee wenzangu mwaijua. Lakini alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kuhesabu fedha zake.

Mwanzoni mwa 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, mali yake iliibwa, naye akawa mkimbizi hemani. Kama angaliacha shule wakati ule, nani angalimlaumu? Akaenda kwa miguu, kilometa nne hivi, kila siku ya masomo. Mwaka ule ule akahamia Nairobi, akaingia darasa la sita.

Alifariki Agosti 2009, kabla hajamaliza shule ya msingi.