Stima Ikipotea: Waya na Plagi za Umeme wa Akiba Nyumbani

Umeshanunua jenereta ndogo, au ile inveta na betri unayolipia polepole kwa simu. Sawa. Sasa umeme huo utaingiaje ndani ya nyumba? Hapo ndipo watu huumia.

Kuna waya mmoja wa njia ya mkato ambao una plagi kwenye ncha zote mbili. Ncha moja inaingia kwa jenereta, nyingine kwa soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Usiutumie kabisa. Ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili zinabaki nje zikiwa na 240V, na mtoto haulizi kabla ya kushika. Halafu umeme huo hauishii kwako. Unaweza kupita kwa mita, ufike kwenye transfoma, nayo iupandishe hadi 11,000V wakati fundi yuko juu ya nguzo akijua laini imekufa. Na stima ikirudi ghafla, jenereta yako inaungua. "Nitazima meni swichi kwanza," utasema. Siku ukisahau je?

Kinachofaa ni swichi ya chenjiova. Inachagua chanzo kimoja tu, stima ya laini au ya akiba, na haiwezi kuviunganisha pamoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Kama bado hujapanga pesa yake, chomeka vifaa vyako kwa ekstensheni inayotoka moja kwa moja kwa jenereta, na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila harufu kali ya kukuonya.

Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani. Ya 13A inabeba kama wati 3,000. Taa ya mezani au TV yatosha fyuzi ya 3A. Shawa ya umeme isahau kabisa, hiyo peke yake huweza kupita wati 5,000. Ekstensheni iwe na waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi, na uikunjue yote, kwa maana ikibaki imezungushwa hushika moto haraka.

Wengi huogopa waya wa 240V na kudharau ule wa betri kwa vile ni 12V tu. Piga hesabu. Vifaa vya wati 600 kwenye 240V vinavuta 2.5A. Wati hizo hizo zikitoka kwa betri ya 12V ni 50A, na zaidi kidogo kwa sababu inveta nayo hula chake. Ule waya wa 2.5 wa soketi za nyumba hauwezi mzigo huo, utayeyuka. Tumia waya mnene ambao kitabu cha inveta kimetaja, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi karibu kabisa na betri. Nati zikazwe vizuri, maana nati iliyolegea ndiyo hupata joto kwanza.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe leseni. Jina litakalotokea kwa simu yako ukituma pesa lilingane na lile la leseni au la kampuni yake, na kama halilingani, uliza kwa nini kabla ya kukamilisha malipo. Ujumbe wa malipo usiufute. Uweke pamoja na risiti ya waya na chenjiova, ndio utakaomwonyesha ukimwita tena swichi ikianza kunuka.