Ritifaa ya Ng'ombe: Programu Saidizi katika Dirisha la Amri

Makala haya yanafafanua kwa nini maandishi yanayoingizwa na programu saidizi hupotea au kugeuka katika dirisha la amri, yaani pale ambapo kompyuta huamriwa kwa maneno badala ya picha. Programu hizo hupokea sauti au nukta za Braille, kisha huigiza mibonyezo ya baobonye. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo vyao. Lakini kifaa kinachopotosha herufi ni haki nusu.

Chukulia kuwa mwanafunzi asiyeona mjini Voi anatafiti ufugaji katika ranchi za Taita Taveta, na faili lake linaitwa ng'ombe. Anaamuru: cat ng'ombe. Programu ya bash huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, ikasubiri ritifaa ya pili. Kimya kinachofuata humfanya adhani herufi zimepotea, ilhali zote zimefika. Dawa ni kubonyeza Ctrl na C, kisha kulitia jina ndani ya alama mbili za kunukuu: cat "ng'ombe". Iwapo programu saidizi huandika ritifaa iliyopinda, jina huwa jingine na faili halipatikani. Mapambo hayo yazimwe.

Sababu ya pili ni mpangilio wa baobonye. Katika mpangilio wa Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu. Katika ule wa Marekani hutoa @. Programu na kompyuta zisipoafikiana, amri huharibika.

Sababu ya tatu ni usalama. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida haiwezi kuigiza mibonyezo katika dirisha lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Linux 6.2 ya mwaka 2023 nayo iliruhusu kufungwa kwa TIOCSTI, njia kongwe ya kupenyeza herufi, kwa kuwa programu haribifu zingeweza kuitumia kuandika amri.

Uchunguzi basi uanzie katika kihariri cha kawaida. Herufi zikikosewa huko pia, mpangilio uangaliwe. Zikifika salama huko tu, ritifaa na mamlaka vichunguzwe.

Kuiacha ritifaa si suluhisho. Ng'oa ni kutoa kitu kilichopandwa. Ngoa ni wivu. Mtumiaji wa Kiswahili hapaswi kupoteza maana ili aeleweke na mashine.