Je, Jua Ndilo la Kulaumiwa?

Mwezi wa Mei 2024, mafuriko ya masika yakiwa bado yanawahangaisha wengi nchini Kenya, dhoruba kubwa ya jua iliifikia ardhi. Mbingu za nchi za mbali kaskazini zilitanda mwanga mwekundu na wa kijani. Katika darsa yetu ya jioni mama mmoja akatuuliza: "Maalim, kama mvua hizi na joto hili ni kazi ya jua, sisi tunahimizwa kubadili nini?" Swali lake lastahiki jibu la haki.

Tuanze na lililo thabiti. Juani mna madoa meusi ambayo huzidi na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11, kama alivyobainisha Mjerumani Heinrich Schwabe mwaka 1843. Madoa yakiwa mengi, jua hurusha kwa wingi chembe zenye umeme, nazo zikitufikia huutikisa usumaku wa ardhi. Baina ya 1645 na 1715 madoa yalikaribia kutoweka, na Ulaya ikapatwa na baridi kali. Hata hivyo, baridi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kabla, na milipuko ya volkano nayo ilichangia.

Kwetu Afrika Mashariki pia yapo mazingatio. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alilinganisha kimo cha maji ya Ziwa Victoria na hesabu ya madoa ya jua, akaona vyapanda na kushuka pamoja. Ilidhaniwa kwamba siri ya mvua imefichuka. Haikupita miaka mingi, ulinganifu ule ukavunjika. Kisha zikaja mvua kubwa za 1961. Ziwa likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, ilhali madoa yalikuwa yakipungua. Mvua zile zilihusiana na Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yalipata joto kuliko ya upande wa mashariki, mawingu yakatuelemea. Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa la pili.

Na joto la leo je? Tangu 1978 setilaiti zinaupima mwangaza wa jua. Baina ya kilele cha mzunguko na mwisho wake, tofauti ni kama sehemu 1 katika 1,000. Mzunguko uliofikia kilele mwaka 2014 ulikuwa dhaifu kuliko yote ya takriban miaka 100, na bado dunia ilizidi kupata joto. Dhoruba za jua huvuruga redio na nyaya za umeme, lakini haijathibitika kwamba huleta mafuriko. Kinachozuia joto lisitoke ni gesi ya kaboni itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyoteketezwa.

Tulimjibu mama yule hivi: jua lina athari, ila ni ndogo. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imetoka katika nchi tajiri, si jikoni mwako. Lakini mkoko uliosimama ufukweni na mwarobaini wa uani vi mikononi mwetu, na hivyo tutaulizwa sisi, si jua.